Ubeti Niliomtungia Ami

Selly Oak, Birmingham
Novemba 2006

Kwa mzazi wangu mpenzi, Mwalimu Ishaka,

Assalaam alaykum, Baba, na shikamoo. Natumai barua hii itakukuta umeketi na si umelala, maana Mama aliniambia kwamba tangu vuli ianze goti limekurudia, na kwamba umekataa tena kwenda kuchomwa sindano. Nenda, Baba, hata kama daktari mwenyewe ulimfundisha darasa la nne na hakujua kugawanya. Mama namsalimu sana, na nataka kujua kama presha imeshuka. Mimi kwa mwili ni mzima. Baridi imeshaingia huku na mikono inapasuka, lakini mafuta ya nazi mliyonitumia bado yapo.

Anwani utaiona ni ngeni. Sikai tena Saltley kwa Ami Faisal. Tangu mwezi wa tatu nakaa hapa Selly Oak, katika nyumba ya kupanga pamoja na wanafunzi wenzangu, karibu na reli. Treni ikipita vikombe hulia kabatini. Uliponiuliza kwenye simu kwa nini nduguyo hapigi tena, na kwa nini namba ya nyumbani kwake haipokelewi, nilikuambia laini yao ina hitilafu. Laini haina hitilafu. Nilikudanganya, na kabla ya hapo nilikuacha uamini jambo kubwa zaidi. Ndiyo maana naandika. Kwenye simu nikisikia sauti yako nageuka mtoto, maneno yananipotea.

Nianze na kile ulichowahi kuniuliza nikakwepa: huyu mtu ninayemsoma miaka yote hii ni nani, na binti wa Chake Chake anatafuta nini katika Kilatini. Nitakueleza vizuri leo, kwa sababu bila yeye nisingejua nililolifanya liitweje.

Jina lake Gundoberti. Alikuwa mshairi katika ikulu ya mfalme mmoja wa Wafaranki, waliotawala Ufaransa ya kale miaka elfu na zaidi iliyopita, zama ambazo huko kwao hata wafalme wengine hawakujua kuandika majina yao. Alikuwa yatima wa nchi ya mbali, akalelewa na watawa wakamfundisha Kilatini, lugha ambayo haikuwa ya mama yake wala ya mfalme. Akaitwa ikulu kwa sababu ya ulimi wake. Kilatini chao hakina vina, Baba. Mizani yao ni silabi ndefu na fupi, zinapangwa kama hatua za mtu anayecheza ngoma. Gundoberti alikuwa bingwa wa hilo. Ana shairi la wino ulioganda kwa baridi asubuhi alipotakiwa kuandika sifa za malkia. Ana jingine la kumlalamikia mpishi wa ikulu anayempa mkia wa samaki kila siku, na jingine la kuwajibu waliomcheka kwa ufupi wake. Nilicheka peke yangu maktaba hadi nikaangaliwa. Nilimpenda, nikamwona ni mtu wa kwetu, mtu wa kujibizana kwenye baraza.

Kisha nikafika kwenye shairi la Ansfridi. Ansfridi alikuwa mtoto wa nduguye mfalme. Alituhumiwa kutaka ufalme, na mfalme akaamuru atobolewe macho. Watu wakanung'unika, hata maaskofu. Gundoberti akaagizwa atunge, naye akatunga: kwamba mfalme kwa upole wake amemfumba macho kijana aliyechoka, apate kupumzika na tamaa za dunia. Ni mistari mizuri kuliko yote aliyoiandika. Ilikaririwa katika kila nyumba ya bwana, na baada ya hapo hakuna aliyenung'unika tena.

Mwalimu wangu anaitwa Manjit, mwanamke wa Kisingasinga aliyezaliwa Handsworth; baba yake alikuwa kondakta wa mabasi ya Barabara ya Soho. Siku nilipomletea sura ya kwanza ya utafiti wangu nilikuwa nimemtetea Gundoberti. Nilisema alikuwa akila meza ya mfalme, hakuwa na la kufanya. Manjit aliniuliza kama Gundoberti mwenyewe amesema hivyo mahali popote. Nikasema hapana. Akaniambia basi nisimsemee, nisome mpaka mwisho. Niliona ananionea. Wakati huo ulikuwa mwezi wa Ramadhani wa mwaka jana, na mimi nilikuwa nikila kwa Ami Faisal.

Unajua jinsi walivyonipokea. Ami alinifuata uwanja wa ndege na koti la sufu mkononi. Bi Nasreen mkewe alinipa chumba cha binti yao aliyeolewa Leicester, na kila nikirudi chuoni nilikuta sahani yangu imefunikwa. Nikiumwa tumbo alinikanda. Sitaki usome barua hii ukadhani nilikaa kwa watu wabaya. Wallahi walikuwa watu wema kwangu, na hapo ndipo ugumu wote ulipo.

Kile kiwanda cha Ami unachokijua kwa picha kiko mtaa wa pili kutoka Barabara ya Alum Rock. Wanatengeneza manda za sambusa na chapati, zinauzwa mpaka miji ya jirani. Wafanyakazi ni watu wetu wa Unguja na Pemba, Wasomali waliokulia Kenya, na Wakongo wachache. Kila Jumamosi na mimi nilikwenda kufungasha, ili nisikae bure. Kuna mashine ya kusukuma donge, yenye magurudumu mawili ya chuma yanayozunguka kukabiliana, na mbele yake kizuizi cha chuma ili mkono usifike. Ramadhani maombi ya wateja yalizidi. Donge likawa linakwama kwenye kile kizuizi, na kila likikwama kazi inasimama.

Aliyekuwa akisimamia mashine ile anaitwa Évariste, Mkongo wa Uvira, mtu mzima mpole mwenye mke na mtoto mmoja wa kike. Ramadhani ile mkono wake wa kulia uliingia kwenye magurudumu. Vidole vitatu vilikatwa hospitali, havikuweza kuokolewa.

Ami alimpeleka hospitali kwa gari lake mwenyewe, akampelekea chakula, akampelekea binti yake nguo za Idi. Haya yote ni kweli. Lakini maneno yakaanza kwamba mashine haikuwa na kizuizi, na wakaguzi wa serikali wa usalama kazini wakawa wanakuja kuuliza wafanyakazi mmoja mmoja. Ami aliwaambia kuwa Évariste ndiye aliyekifungua kwa haraka zake, na kwamba alikuwa ameshaonywa.

Baada ya Idi jumuiya yetu iliandaa karamu ya kumshukuru Ami kwa kutusaidia kupata ukumbi. Akaniita sebuleni, akaniambia kwa upole kwamba watu wanasema maneno, na kwamba shairi zuri hupoza watu. Nilimuuliza niseme nini kuhusu ajali. Alijibu: "Usiseme uongo, mwanangu. Sema tu kwa uzuri."

Nilitunga maktaba, mchana mmoja. Shairi zima lilikuwa la kawaida, wewe mwenyewe ungelisahihisha kwa kalamu nyekundu, isipokuwa ubeti wa ajali. Huo unaujua kwa moyo, lakini nauandika tena, kwa mkono wangu, ili tuuone sote:

Mashine haina kosa, kosa ni la mwenye pupa,
Aliyeonywa kabisa, maonyo akayatupa,
Tajiri hakumsusa, na huruma akampa,
Mkono usiotesa, ndio Mola alompa.

Baba, nilipolipata lile neno "pupa" nilifurahi. Hilo ndilo linalonichoma kuliko yote. Nilikuwa nimezunguka na kina cha "pa" saa nzima, neno likaja lenyewe, likakaa kama kigae kinapokaa mahali pake, nikatabasamu dirishani. Mtu aliyekatwa vidole hakunipitia akilini hata kidogo. Niliwaza mizani.

Bi Nasreen alinishonea gauni la kijani kwa ajili ya karamu. Ukumbi ulijaa. Mkubwa, yule mfanyabiashara rafiki yake Ami, ndiye aliyekuwa mshereheshaji, na ndiye aliyenirekodi. Nilipofika kwenye ubeti ule watu walipiga makofi wakanitaka niurudie. Nikaurudia. Ndipo nilipomwona Évariste kwenye meza ya nyuma. Ami alikuwa amemwalika, ili watu waone hawana ugomvi. Wengine waligeuka kumtazama, na kwa kuwa kila mtu alikuwa akipiga makofi, naye aliona lazima apige. Mkono mmoja ulikuwa kwenye bandeji. Akawa anapiga meza kwa kiganja cha kushoto, akitazama sahani yake.

Nilimaliza shairi. Nilikaa, nikala biriani.

Kuanzia wiki ile Évariste hakuwa na jina tena. Kiwandani na madukani aliitwa Mwenye Pupa. Mpaka watoto waliozaliwa hapa, wasiojua Kiswahili cha kujaza kijiko, walimwita hivyo barabarani. Wakaguzi waliporudi, wafanyakazi wote walijibu mamoja: alikuwa na pupa, alionywa. Sidhani kama walijiona wanadanganya. Nilikuwa nimewapa maneno matamu kuliko yale waliyoyaona.

Mkubwa akatuma kaseti Pemba. Wewe ukanipigia simu. Ulikuwa huniiti kwa jina, uliniita "mshairi wangu," ukasema kila mgeni anayekuja unamsikilizisha, na kwamba miaka yote uliyonifundisha vina na mizani barazani haikupotea. Ulisema nimekuinua kichwa mbele ya wenzako. Nilikushukuru, Baba. Nilisema alhamdulillahi. Kisha nikaingia bafuni nikafungua maji ili Bi Nasreen asisikie nikilia, na hata wakati ule sikujua vizuri nalia nini.

Baridi ile nilifika mwisho wa Gundoberti, kama Manjit alivyoniambia. Mfalme alipokufa, mshairi alikwisha zeeka. Ndipo alipotunga shairi refu la kutubia na kumtumia Ansfridi, ambaye alikuwa bado hai katika nyumba ya watawa, kipofu. Anasema: mimi ndimi niliyekutoboa mara ya pili, kwa kalamu. Anasema mengi, kwa Kilatini kinachokufanya utake kuinama. Nilikwenda kwa Manjit na furaha, nikamwambia nimepata jibu, mtu wangu alitubu. Manjit alikuwa akimenya chungwa. Aliniambia nitazame tarehe. Alisubiri mfalme afe. Halafu akaniuliza swali jingine kwa sauti ile ile ya kawaida: shairi hilo lilimfikia mtu asiye na macho, je, nani alimsomea, na yule kipofu alijibu nini? Hakuna ajuaye. Hakuna jibu lake lililobaki. Kilichobaki ni uzuri wa shairi.

Niliagana na Manjit. Nilipanda basi kutoka mjini mpaka Handsworth, nikaulizia kwa Wakongo anapokaa Évariste. Aliyenifungulia ni mkewe. Évariste alikuwa mezani, mtoto wake akimkatia nyama. Alinitambua, akaniambia nikae. Nilianza kusema kwamba nimekuja kuomba radhi, na kwamba niko tayari kutunga shairi jingine la kumsafisha, nilisome ukumbini mbele ya watu wale wale.

Aliniacha nimalize. Kisha akasema kwa Kiswahili chao: "Dada, shairi ingine ya nini? Ile ya kwanza ilinitosha. Weye ulikuwa pale ile siku. Uliona. Minajua uliona, sababu tuliangaliana."

Niliinamisha kichwa.

"Enda useme kwa wale wakaguzi ile kitu uliona," akasema. "Kisha unisahau."

Sasa nifike pale ninapopaogopa, Baba. Nilikuwa nimeona. Jumamosi moja kabla ya ajali donge lilikwama tena, na Ami Faisal alikuja mwenyewe na spana, akakifungua kile kizuizi kwa mikono yake, akakitupa nyuma ya magunia ya unga. Évariste alimwambia, "Patron, hii ni hatari." Ami akamjibu afanye kazi, Idi inakuja. Évariste aligeuka akanitazama mimi, mtoto wa ndugu wa tajiri, labda akidhani nitasema neno. Niliinamia maboksi yangu. Kwa hiyo nilipotunga "maonyo akayatupa," nilijua ni nani aliyeonya na ni nani aliyeyatupa. Sikupotoshwa na mtu. Niligeuza tu, na vina vikakubali.

Na la pili: mimi ndiye niliyetoa ushahidi dhidi ya nduguyo.

Nilimwambia yeye kwanza, kabla ya kwenda. Nilimkuta na Bi Nasreen wakinywa chai. Ami hakupandisha sauti. Aliweka kikombe chini, akasema, "Mimi na baba yako tumenyonya titi moja." Bi Nasreen ndiye aliyelia. Aliniuliza ni chakula gani alichoninyima, ni neno gani baya aliloniambia. Nilimwambia hakuna. Akasema basi ningekuwa na sababu, hata ya uongo, ingemwuma kidogo. Nilifunga mizigo yangu. Gauni la kijani nililiacha kitandani, kisha nikaona hilo nalo ni tusi, nikarudi kulichukua, na yeye alikuwa amesimama mlangoni ameniona nikifanya yote mawili.

Kesi ilisikilizwa mwezi uliopita. Wakili wa Ami alikuwa kijana hodari. Alitoa ile rekodi ya karamu, mkalimani akasoma ubeti wangu kwa Kiingereza, polepole, na kwa Kiingereza haukuwa na kina wala mizani, ulikuwa maneno matupu ya kumtukana mgonjwa. Wakili akaniuliza kama ni wangu. Nikasema ni wangu. Akaniuliza kama nililazimishwa. Nikasema sikulazimishwa. Akauliza, basi nilisema uongo lini, siku ile au leo?

Évariste alikuwa safu ya pili na mkewe. Ami alikuwa amevaa ile kofia yake ya vito, ya kushonwa kwa mkono, uliyompelekea. Nilisema siku ile ndiyo niliyosema uongo, na nilijua ni uongo nilipokuwa nautunga. Akaniuliza, kama ni hivyo, kwa nini niliutunga. Nikajibu kwa Kiswahili, kwa sababu Kiingereza kilinikimbia: kwamba nilikuwa nikila kwake, na kwamba ubeti ulikaa vizuri. Mkalimani akatafsiri.

Ami alipatikana na hatia. Kiwanda kimefungwa. Najua utauliza Évariste alisema nini. Hakusema kitu. Alinipita kwenye ngazi akaniinamishia kichwa kidogo, kama unavyomsalimu mtu uliyemkuta kituo cha basi, na nimesikia wamehamia mji mwingine. Alisema nimsahau, nami sijui kama ni ruhusa au adhabu. Wale wafanyakazi wengine hawana kazi. Korane, Msomali aliyekuwa akiendesha gari la kiwanda, ana watoto watano. Alinikuta sokoni akaniuliza kama nimeridhika. Sikuridhika. Watu wa Saltley hawanijibu salamu, na wengine wanaonijibu wananisifu kwa ushujaa, jambo ambalo ni baya zaidi. Ushujaa ungekuwa ile Jumamosi, kuinua kichwa kutoka kwenye maboksi na kusema neno moja. Baada ya hapo kila kitu kilikuwa kuchelewa tu.

Utafiti wangu naumalizia. Sura ya mwisho nimeiandika upya, na Gundoberti simtetei tena wala simlaani. Nimeandika tu alichofanya na lini alikifanya. Manjit ameikubali. Kutunga siwezi kwa sasa; nikianza mstari nasikia makofi. Kwa hiyo, Baba, wageni wakija usiniite mshairi mbele yao. Waambie binti yako anasoma ng'ambo, inatosha. Ukitaka kuwaambia zaidi ya hapo, waambie yote, siyo nusu.

Mwenyewe sikuombi msamaha katika barua hii. Ningeomba, ningeuandika kwa uzuri, na mimi nimeshajiogopa kwa hilo. Utanijibu utakapoweza, au hutanijibu. Mama msomee taratibu, na mpunguzie pale pa Bi Nasreen, maana walipendana.

Lakini kuna moja nakuomba. Ami hakukuambia lolote kwa sababu anakuonea haya wewe kuliko mahakama. Bi Nasreen amekwenda kwa binti yao Leicester na bado hajarudi. Mkubwa na wenzake wa karamu hawaonekani tena mlangoni pake. Nilipita mtaa ule juzi, nikamwona kupitia dirisha amekaa sebuleni na koti lake mwilini, televisheni imezimwa. Sikugonga. Simu za watu hapokei, ila namba ya Pemba ataipokea ukipiga mfululizo bila kukata tamaa, namjua. Usimsomee barua hii, wala usimwombe anisamehe. Muulize tu kama amekula.

Wasalimie Mama, majirani wa pande zote mbili, na shangazi wa Wete. Mungu akupe nafuu ya goti na subira juu yangu.

Ni mimi mwanao,
Asmahan Ishaka